Kidonda Kimepona, Ubongo Bado

Mwezi huu tunazungumzia ugonjwa usioonekana kwa macho: ubongo ulioumia ukubwani au utotoni. Hatusemi juu ya mtoto aliyezaliwa na ulemavu wa ubongo. Tunasema juu ya mtu aliyezaliwa mzima, kisha siku moja ubongo wake ukapata madhara.

Tuchukue mfano. Fundi seremala ameanguka na pikipiki akazimia. Ametibiwa hospitalini, amerudi nyumbani, na majirani wanasema, "Mshukuruni Mungu, amepona." Baada ya miezi mitatu mkewe anaona mambo mapya. Akitumwa chumvi dukani, hurudi mikono mitupu. Watoto wakicheka kwa sauti, huwafokea. Huanza kutengeneza kiti, akakiacha, akalala mchana kutwa. Watu wanaanza kusema: mvivu huyu, wengine: amerogwa. Mke naye anafikiri kurudi kwao. Hakuna aliyewaeleza kwamba mtu huyu bado ni mgonjwa.

Ubongo huumiaje?

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kilo 1.4 hivi, nao ni laini sana. Kichwa kinapogongwa kwa nguvu, ubongo hutikisika na kujigonga kwenye fuvu. Nyuzi zake hukatika na mishipa ya damu huweza kupasuka. Ndiyo maana mtu anaweza kuumia ubongo bila ngozi kuchanika.

Ajali si sababu pekee. Ziko pia kiharusi, malaria kali iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, uvimbe, na kukosa hewa, kama kwa mtu aliyezama majini. Ubongo ukikosa oksijeni, chembe zake huanza kufa baada ya dakika chache tu.

Kila sehemu ya ubongo ina kazi yake. Upande wa kushoto huongoza mkono na mguu wa kulia, na kwa watu wengi ndio wenye kazi ya usemi. Sehemu ya mbele, nyuma ya paji la uso, hutusaidia kupanga mambo na kujizuia. Ikiumia hiyo, mtu hutembea na kuongea vizuri, lakini tabia hubadilika.

Mtu aliyebadilika

Mwaka 1848, huko Vermont, Marekani, Phineas Gage alikuwa msimamizi wa wajenzi wa reli. Baruti ililipuka, na mtaimbo wa chuma wenye urefu wa zaidi ya mita moja ukapenya chini ya shavu lake la kushoto na kutokea utosini. Hakufa. Lakini daktari wake, John Harlow, aliandika kwamba mtu yule aliyekuwa na akili iliyotulia na mwenye mipango sasa alikuwa mtu wa matusi, asiyetulia katika jambo lolote. Kazi yake ya usimamizi hakurudishiwa.

Mara nyingi habari yake huishia hapo, lakini haikuishia hapo. Baadaye Gage alikwenda Chile akaendesha magari ya farasi kwa miaka kadhaa, mpaka afya yake ilipozorota. Alifariki mwaka 1860. Baadhi ya wachunguzi wanaona kwamba kazi ile yenye utaratibu uleule kila siku ilimsaidia kujimudu tena. Hapo pana fundisho kwetu.

Tufanye nini nyumbani?

1. Tusimwambie "jikaze". Kusahau na kuchoka kwake si ukaidi. Ubongo ulioumia huchoka upesi.

2. Tumpangie ratiba moja: saa ya kuamka, kula, kazi na kupumzika isibadilikebadilike.

3. Tumwambie jambo moja kwa wakati mmoja, kwa maneno machache. Anayejua kusoma awe na daftari la kuandikia ya kukumbuka.

4. Tumpe kazi anayoiweza. Fundi wetu asianze na kiti kizima; apige msasa ubao mmoja, ndugu yake akiwa karibu.

5. Akifoka, tusishindane naye. Tupunguze kelele, tumwache atulie. Lakini akianza kupiga watu, mke na watoto wakae mahali salama na msaada utafutwe mapema.

6. Asinywe pombe. Akipata kifafa, apelekwe hospitali, na dawa asiache bila ruhusa ya daktari.

7. Anayemwuguza naye ni binadamu. Ndugu na wanajumuiya wapokezane zamu, hata nusu siku tu, ili apumzike.

Nafuu kubwa huonekana katika miezi ya kwanza, lakini wengi huendelea kupata nafuu kidogo kidogo kwa miaka. Mazoezi ya viungo na ya usemi yasiachwe.

Dalili za hatari

Mtu aliyegonga kichwa apelekwe hospitali haraka akitapika mara kwa mara, akisinzia na kuwa mgumu kuamka, akichanganyikiwa, akipata degedege, akitoka damu au majimaji masikioni, au kichwa kikizidi kuuma. Dalili hizi huweza kuchelewa kwa saa au siku kadhaa. Kwa wazee hata wiki.

Kinga

Dereva na abiria wa pikipiki wavae kofia ngumu na kuifunga mkanda. Watu wazima wapime shinikizo la damu. Tulale ndani ya chandarua, na homa ya mtoto itibiwe mapema.

Maswali ya kujadiliana katika jumuiya

1. Je, kuna mtu kwetu aliyebadilika baada ya ajali, kiharusi au homa kali? Tumekuwa tukimwitaje?

2. Nani anamwuguza, na mara ya mwisho alipumzika lini?

3. Wiki hii sisi tutamsaidia kwa jambo gani?