Bwana Mifugo na Paka wa Mji wa Kale

JE, msomaji, ukisikia mtu akiitwa bwana mifugo, fikira zako huenda wapi? Wengi hukumbuka ng'ombe na majosho ya bara. Kisiwani Mombasa, ambako nyama tunaijua buchani tu, mtu huyu husahauliwa. Ilhali kazi yake hapa yahusu afya yako na ya wanao, na sehemu yake nzito ni kufundisha, wala si kudunga sindano.

Bwana mifugo (na mabibi nao wamo) si daktari wa mifugo wa chuo kikuu. Ni msaidizi wake, aliyesomea afya ya wanyama katika vyuo kama vile AHITI cha Kabete au Ndomba. Wanafunzi wanaokuja kwa mazoezi aghalabu hukabidhiwa yeye, na somo lao la mwanzo huwa ni barafu. Chanjo ya kichaa cha mbwa yataka kukaa baina ya digrii 2 na 8, na jua la Mombasa mwezi wa Februari mwalijua wenyewe. Chanjo ikipata joto huharibika, lakini chupa yaonekana vile vile. Kisha huwafunza kumzinga paka kwa taulo zito kabla ya kumdunga. Nao wenyewe hutakiwa wachanjwe kwanza.

Somo la wenye nyumba ndilo gumu zaidi. Mitaa ya Kibokoni na Kuze haina mbwa wengi; paka ndio wamejaa, hasa karibu na soko la samaki. Basi akipita kueleza habari za kichaa cha mbwa huulizwa, "Sisi hatufugi mbwa, yatuhusu nini?" Nadhani jina la maradhi haya limetudhuru sana. Ni kweli kwamba karibu vifo vyote vya binadamu, ambavyo Shirika la Afya Duniani lakadiria kuwa 59,000 kila mwaka, hutokana na mbwa. Lakini paka aliyeumwa na mbwa mgonjwa huyapata pia, na mate yake huambukiza. Na ni nani achezaye na paka barazani kutwa, kama si watoto?

Mtoto akiumwa au akiparurwa, wengi wetu hukimbilia manjano, unga wa kahawa au mafuta ya taa. Bwana mifugo hukataza yote hayo. Fungua mfereji, au mimina maji kwa kata, uoshe jeraha kwa sabuni kwa dakika 15 kamili. Tazama saa, kwani dakika 15 ni nyingi kuliko unavyodhani. Virusi hivi vina ganda la mafuta, na sabuni huliyeyusha.

Baada ya hapo nenda hospitali siku iyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo. Virusi husafiri polepole ndani ya mishipa ya fahamu kuelekea ubongoni, na safari hiyo aghalabu huchukua wiki kadhaa au miezi. Jeraha hupona, mama akasahau. Siku mgonjwa atakapoanza kuogopa maji, madaktari hawatakuwa na dawa ya kumponya.

Na yule mnyama? Vijana wa mtaa hutaka kumpiga mawe afe. Wazuie. Kama ana mwenyewe na aweza kufungiwa salama, mwite bwana mifugo amwangalie kwa siku 10. Mbwa au paka akibaki mzima muda huo wote, mate yake hayakuwa na virusi siku alipouma, na daktari aweza kukatiza sindano zilizobaki. Lakini usingoje siku hizo zipite ndipo uanze sindano. Paka wa njiani aliyetoroka ahesabiwe kuwa mgonjwa.

Ikiwa mnyama ni wako, kadi yake ya chanjo ichukue uende nayo hospitali.