Salme baada ya harusi

Vijana wenzangu, mimi hapa Babati riwaya ya mapenzi naimaliza usiku mmoja: msichana jasiri, jahazi, harusi, basi. Juzi nimesoma habari za Sayyida Salme, binti wa Sultani Said wa Zanzibar, aliyezaliwa 1844. Kuandika alijifunza kwa siri, akinakili herufi za Kurani kwenye mfupa wa bega la ngamia! Mwaka 1859 akamwandikia barua kaka yake Barghash, aliyetaka kumpindua Sultani Majid. Mwaka 1866 akatoroka kwa meli ya Waingereza; 1867, huko Aden, akabatizwa na kuolewa na Mjerumani, Heinrich Ruete.

Riwaya zangu huishia hapo. Salme hakuishia hapo. Mwaka 1870 mumewe alikufa kwa ajali ya tramu Hamburg, akamwachia watoto watatu wadogo. Urithi alinyimwa, na ni Barghash huyohuyo aliyemnyima. Akawalea wanawe, na 1886 akachapisha kitabu cha maisha yake.

Mimi huwa naomba mchumba tu. Nguvu za siku baada ya harusi sijawahi kuziomba, kusema kweli. Jioni hii naanza Ruthu sura ya 1, mjane mwingine ugenini. Nawe soma, Jumapili tuulizane.