Mcharuko wa ukoma: dawa umemaliza, mkono unauma

Mtu amemaliza vidonge vya ukoma. Miezi michache baadaye mabaka yaliyokuwa yamefifia yanavimba na kuwa mekundu, kiwiko kinawaka moto usiku. Nyumbani watasema ugonjwa umerudi, au karogwa. Mara nyingi si hivyo. Ni riaksheni: mcharuko wa kinga ya mwili wake mwenyewe.

Sisi wa Ulyankulu, nchi ya mtemi Mirambo, tumelelewa na simulizi za rugaruga, askari wake. Basi wafikirie wakiambiwa adui kajificha ndani ya nyumba. Wanaichoma nyumba nzima. Nyumba hiyo ni mshipa wa fahamu, ambamo bakteria wa ukoma hujificha kimya kwa miaka. Seli nyeupe za damu ziitwazo seli T zikimgundua, huita wenzao na kumwaga kemikali kali. Mshipa unavimba ndani ya ala isiyotanuka, unajibana, unakufa. Hata bakteria waliokwisha kufa huwachokoza askari hawa, maana mabaki yao hukaa mwilini muda mrefu. Ndiyo sababu vidole huweza kupinda baada ya dozi kuisha.

Iko aina nyingine ya riaksheni, huwapata waliokuwa na bakteria wengi: vinundu vyenye maumivu, homa, viungo kuuma, macho mekundu. Hapo seli ziitwazo nyutrofili ni miongoni mwa zinazoshambulia.

Tanzania ilishuka chini ya mgonjwa 1 kwa kila watu 10,000 mwaka 2006, na kwa kuwa ukoma umekuwa adimu, hata mhudumu anaweza kuusahau. Mtajie mwenyewe kwamba uliwahi kutibiwa ukoma.

Ukiona ganzi mpya, mkono au mguu kulegea, jicho kushindwa kufumba, nenda zahanati leo. Usingoje tumbaku ikauke. Prednisolone, dawa ya kutuliza mcharuko, ikianza kabla ganzi haijatimiza miezi 6, nguvu mara nyingi hurudi. Humezwa kwa wiki nyingi, ikipunguzwa kidogo kidogo. Usiikatize ghafla, na kama una kisukari au vidonda vya tumbo, sema mapema. Ukiwa bado kwenye dozi ya ukoma, endelea nayo. Ni bure.

Na kila jioni ukitoka kwenye bani la kukaushia tumbaku, sogea penye taa. Geuza viganja, kagua nyayo. Lengelenge ambalo hukusikia likikuunguza, nenda nalo kliniki kesho asubuhi.