Usingizi wa Mgonjwa wa Saratani Anayetibiwa kwa Mionzi
Mwongozo kwa wauguzi wa vituo vya afya na wahudumu wa jamii, Kasongo na Kabambare

Mashine za mionzi ziko mbali nasi: hospitali ya Nganda mjini Kinshasa, Kanombe mjini Kigali, Ocean Road mjini Dar es Salaam. Kwa kawaida mgonjwa hupigwa mionzi siku 5 kwa juma, kwa majuma kadhaa. Uchovu huzidi kadiri tiba inavyoendelea, na waweza kudumu miezi baada ya kurudi nyumbani. Akisema usiku halali, tumsikilize kama tunavyomsikiliza mwenye kidonda.

1. Uliza kabla ya kuandika dawa. Keti naye faraghani: "Mama, usiku wa jana ulilala namna gani? Ni nini kilikuamsha?" Huenda ni maumivu, au kukojoa na kuharisha baada ya mionzi ya nyonga, au hofu ya kifo. Kwa aliyekimbia vita Salamabila, giza lenyewe linatisha.

2. Tibu kinachomwamsha. Dawa ya maumivu inywewe kwa saa zake, bila kungoja maumivu yapande. Dozi moja iangukie wakati wa kulala. Deksametasoni hufukuza usingizi: inywewe asubuhi, wala isikatishwe ghafla.

3. Panga siku yake. Aamke saa ileile kila siku, atembee kidogo kwa kadiri ya nguvu zake, na mchana asilale zaidi ya dakika 30. Chai, kahawa na makasu viishie adhuhuri. Usingizi ukigoma, atoke kitandani, akae kwa utulivu mpaka macho yawe mazito.

4. Usikimbilie diazepamu. Uliza pia ni vidonge gani amenunua sokoni. Diazepamu pamoja na morfini, tramadoli au pombe yaweza kumzimia mtu pumzi.

5. Shirikisha jamaa. Wageni waje mchana. Usiku ndugu wapokezane zamu, ili anayemuuguza naye alale.

6. Mpeleke hospitali kuu upesi akiwa na homa, damu nyingi, kichwa kinachouma pamoja na kutapika, degedege, miguu iliyolegea, pumzi inayobana anapolala, au akisema hataki kuishi. Huyo wa mwisho asiachwe peke yake.

Andika kwenye kadi yake chanzo ulichokipata na ulichofanya. Akirudi, anza kwa kuuliza usiku wake.