SOMO KWA WENYE NYUMBA ZA KUPANGISHA: KUUPIMA USALAMA WA MTAA KABLA YA KUHAMIA

Kwa kawaida mtumishi wa Serikali hustaafu kwa lazima atimizapo umri wa miaka 60, na kwa hiari atimizapo 55. Baadhi hujenga mapema Korogwe au Handeni, na kuzipangisha nyumba hizo wakiwa bado kazini Dar es Salaam, Tanga au Unguja. Siku ya kurejea ikaribiapo, huwapa wapangaji notisi, hupakia vyombo, kisha huanza kujifunza mtaa wakiwa wamekwisha kuhamia. Utaratibu huo umegeuzwa juu chini.

Ifahamike kwamba mwenye nyumba huijua nyumba yake kwa kodi. Usiku wake anaujua mpangaji. Shahidi wa kwanza basi ni mpangaji, naye aulizwe kabla ya kupewa notisi, kwa kuwa aliyekwisha kuambiwa ahame ana sababu ya kuupaka mtaa matope. Asiulizwe kama mtaa ni salama, maana jibu la adabu ni "salama tu". Aulizwe ni lini mara ya mwisho kitu kiliibwa, nguo huanuliwa saa ngapi, na nani hutoka mtu apigapo yowe. Kufuli la pili mlangoni na kuku wanaolazwa jikoni ni maelezo ya kutosha kwa ajuaye kutazama.

Mjini Korogwe hupita barabara kuu iendayo Moshi na Arusha, na wageni huteremka saa zote. Karibu na stendi vibaka hawakosekani. Lakini penye mama lishe na bodaboda hadi usiku pana macho pia. Njia ya kimya kando ya pagale au shamba la mkonge yafaa kuogopwa zaidi, nayo ipitwe kwa miguu saa mbili usiku, si kwa gari saa nne asubuhi.

Handeni kuna jambo jingine, nalo ni maji. Mradi wa kuyavuta kutoka Mto Pangani, upande wa Korogwe, ulijengwa miaka ya 1970, na bado wilaya hiyo imeishi na uhaba kwa miaka mingi. Nyumba ambayo watu wake hutoka alfajiri na ndoo haipimwi kwa ukuta na geti. Hupimwa kwa njia ya kisimani. Vilevile mwenye nyumba aulize maji ya mvua yalifika wapi Oktoba 2019, mafuriko yalipoikata barabara ya Korogwe na Handeni.

Kisha aonane na Mwenyekiti wa Mtaa, au wa Kitongoji kwa vijijini kama Kwaluguru. Kila mahali ataambiwa kuwa sungusungu wapo. Aulize zamu ya usiku huo ni ya nani.

Akiridhika, ndipo notisi iandikwe. Chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, upangaji wa mwezi hadi mwezi husitishwa kwa notisi isiyopungua mwezi mmoja. Aliyelipa miezi sita mbele aachwe aimalize. Asiporidhika, aweza kumwachia mpangaji nyumba, na kwa kodi hiyo hiyo akapanga mtaa mwingine. Hakuna aibu katika hilo.