Skrubu Ndogo za Kompyuta na Simu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kwa nini skrubu inayoingia tundu hili hukataa la pili, na kompyuta ni ileile?

Ndani ya kasha la kompyuta ya mezani hukutana vipimo viwili. M3 ni ya milimita: unene wa mm 3, na mm 0.5 kutoka jino hadi jino. Nyingine, 6-32, ni ya inchi: unene wa karibu mm 3.5, na meno 32 katika kila inchi. Diski ya inchi 3.5 hufungwa kwa 6-32. Ya inchi 2.5, SSD zikiwemo, hufungwa kwa M3. Ukizilaza pamoja mezani utaona ile ya inchi ni nene na meno yake yameachana. M3 kwenye tundu la 6-32 hucheza tu bila kushika. Ukiilazimisha 6-32 kwenye tundu la M3, unaharibu meno ya diski yenyewe. Anza kwa vidole daima. Skrubu isiyokubali mizunguko miwili kwa vidole si ya tundu hilo.

M3 x 6 maana yake nini?

Unene mm 3, urefu mm 6. Urefu huanzia chini ya kichwa, isipokuwa skrubu ya kichwa cha kuzama, ambayo hupimwa pamoja na kichwa chake.

Nitajuaje urefu unaofaa?

Swali hili ndilo zito kuliko yote. Chukua unene wa kile unachofunga, kisha ongeza kina cha meno: ndani ya chuma, angalau sawa na unene wa skrubu, ndani ya alumini, mara moja na nusu. Ikizidi hapo, ncha yaweza kugonga kilicho chini. Kwenye simu hatari ni kubwa zaidi, maana skrubu mbili jirani huweza kupishana kwa sehemu ndogo tu ya milimita. Ile ndefu ikiingia tundu la fupi hutoboa bodi na kukata njia za umeme, na simu iliyoletwa kubadilishwa kioo hurudi kwa mwenyewe haiwaki. Basi chora umbo la simu kwenye karatasi, na kila skrubu unayofungua ibandike kwa selotepu mahali ilipotoka. Fundi asiyefanya hivi anacheza na mali ya mtu.

Na kasha la plastiki?

Skrubu zake zina meno makali yaliyoachana, hujichongea njia. Unapozirudisha, zungusha kila moja kwanza kinyume hadi uisikie ikitumbukia kwenye njia yake ya zamani, ndipo ukaze taratibu.

Ninaishi pwani, nichague ipi?

Stenlesi huvumilia hewa ya chumvi kuliko chuma cha kawaida. Ila nyingi hazishikwi na sumaku, kwa hiyo bisibisi yenye sumaku haitakusaidia kuiokota iliyodondokea kwenye bodi. Itoe kwa kibanio kabla hujawasha umeme.