Hakuna mtoto "aliyejipeleka"

"Si alijipeleka mwenyewe? Si alinunuliwa simu?" Maneno haya husemwa vibarazani kuanzia Malindi hadi Diani, tena na watu wasiokusudia ubaya. Sheria ya Kenya haiyapokei. Aliye chini ya miaka 18, msichana au mvulana, hana uwezo wa kukubali ngono, hata akipewa zawadi, hata akirudi mara ya pili. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006 kinamwandama anayempa mtoto, au wazazi wake, pesa au vitu ili ampate, kuwadi anayemtafutia wateja, na mwenye nyumba anayeliruhusu jambo hilo huku akijua. Kifungo chao hakipungui miaka 10. Mtoto hayumo katika orodha ya wakosaji.

Wengi hunyamaza wakihofia kuanikwa mahakamani. Kifungu cha 34 kinamzuia wakili kumchimba mlalamikaji kuhusu aliolala nao zamani, isipokuwa mahakama iruhusu. Wewe mzazi au mlezi, mwone mwendesha mashtaka mapema, usingoje siku ya kesi. Mwambie aombe mtoto alindwe chini ya kifungu cha 31: ajibu akiwa amekingwa asionane na mshtakiwa, au apewe mtu wa kumsaidia kueleza, kesi isikizwe faraghani, na jina lake na la familia lisitangazwe. Ushahidi wa mtoto peke yake unatosha mahakama ikiridhika kuwa anasema kweli.

Halafu kuna wale wa "tuyamalize nyumbani, tumsitiri binti." Mimi naona anayesitiriwa hapo ni mkosaji. Chini ya kifungu cha 40, chifu, wazee wa mtaa, hata mzazi, hawana mamlaka ya kuifunga kesi. Uamuzi huo leo ni wa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma.

Matibabu katika hospitali ya serikali ni bure. Mfikishe upesi, maana dawa za kuzuia maambukizi ya VVU huanzwa ndani ya saa 72. Asioge kabla ya kupimwa, na nguo zake zitiwe kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki.

Nawe jirani, picha ya mtoto huyo ikikufikia kwenye WhatsApp, usiisambaze hata kwa kumhurumia. Kuisambaza ni kosa la jinai. Piga 116, simu ya watoto. Haitozi pesa, na hupokewa usiku na mchana.